Siku Bruda Aliponirudishia Kalamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vipya vilivyonibana, na ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshavichukia. Ilikuwa katika hospitali ya serikali, Mbeya mjini, nami nilikuwa nesi wa miaka ishirini na mbili niliyetoka chuoni juzijuzi. Babu yangu alikuja nyanda hizi na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa hukuhuku, ndiyo sababu hadi leo watu wa Iringa wakinisikia nikizungumza huniuliza nimehamia lini kutoka pwani. Sijahamia. Baridi ya Mbeya nimezaliwa nayo.

Muuguzi Mkuu, ambaye sote tulimwita Matroni, alikuwa mama mfupi wa Rungwe aliyebandika saa yake kifuani kama nishani. Aliniingiza wadi ya majeruhi asubuhi ambayo lori la abiria lilikuwa limepinduka mlimani, wagonjwa wamejaa hadi sakafuni. Mwanamume mmoja alikuwa akilia kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Nikamkimbilia. Matroni akanishika mkono wa gauni, akaniambia bila kupaza sauti, "Binti, anayepiga kelele ana pumzi. Nenda kwa aliyenyamaza."

Aliyenyamaza alikuwa mzee aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni, ametulia utadhani anasubiri chai. Nilipomshika kifundo cha mkono, mapigo yake yalikuwa membamba na ya mbio, na ngozi yake ya baridi yenye unyevu. Alikuwa anavuja damu kwa ndani. Akapelekwa kupasuliwa, akaishi. Tangu siku ile niliijua kazi yangu, lakini niseme mapema kwamba kuijua kazi na kuifanya ni mambo mawili. Miaka thelathini baadaye kijana mmoja alinionyesha tofauti yake, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu hii.

Baada ya miaka sita wadini nilipelekwa kusomea usingizi. Nesi wa usingizi ndiye anayemlaza mgonjwa kabla hajapasuliwa, na wengi hudhani kazi yake inaishia hapo. Kulaza ni rahisi, hata pombe hulaza. Kazi ni kumlinda mtu akiwa huko aliko, kisha kumrudisha. Mwalimu wetu, bwana mkali ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, alitufundisha kumsoma mgonjwa kwa mwili wetu wenyewe: kidole kwenye mshipa ulio mbele ya sikio, macho kwenye midomo na kucha, sikio kwenye pumzi. Siku hizi kuna kidude kinachobanwa kidoleni, kinalia na kukuandikia tarakimu. Ni kitu kizuri, nilikifurahia kilipofika. Ila nyinyi vijana mnaotazama tarakimu peke yake, betri ikiisha mtamtazama nani?

Njia kubwa tulizotumia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sindano ya mgongo. Mgonjwa anakaa, anainama mbele, unachoma katikati ya mifupa ya kiuno, na kuanzia kifuani kwenda chini anakufa ganzi huku mkiendelea kuzungumza. Hiyo ndiyo ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Ya pili ni ketamini, inayopita mshipani. Hii inamchukua mtu mzimamzima, lakini inamwachia pumzi yake na haimwangushi presha, kwa hiyo tuliitumia kwa mgonjwa ambaye presha imeshashuka. Nitazirudia zote mbili mbele, zishikeni.

Kutoka Mbeya nilihamishiwa hospitali ndogo ya misheni upande wa Chunya, iliyokuwa ikiazimwa watumishi na serikali. Jina lake siliandiki, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, daktari mpasuaji mmoja, na mimi. Nilikuwa Mwislamu pekee katika chumba kile, na masista wa shirika lenye hospitali waliniwekea uji wa kufuturu kila Ramadhani bila kukumbushwa hata siku moja. Wagonjwa waliniita Sista Hawa. Masista wakacheka mpaka wakachoka, mwishowe nami nikaacha kukanusha.

Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyeisimamia hospitali, ndiye huyohuyo aliyepasua. Alikuwa Msangu mrefu mwenye mikono ya haraka na mdomo wa taratibu, na sijafanya kazi na mpasuaji aliyenipa raha kama yeye. Alikuwa akiniuliza, "Bi Hawa, tuko wapi?" nami nikimjibu presha na mapigo, basi, hatukuwa na maneno mengine mpaka nyuzi za mwisho. Mtu akisoma yanayofuata asimwone mbaya. Alikosea kosa letu sote.

Kosa lenyewe ni la adabu. Pale kwetu, akiingia mtumishi wa Mungu, foleni inafunguka. Hakuna aliyeandika sheria hiyo ukutani. Padre, mchungaji, sista, mwinjilisti, hata shehe akija kupima presha, watu wenyewe wananyanyuka kwenye benchi na kusema mtumishi apite. Mama mwenye mtoto wa homa anasogeza magoti ili mtumishi apite vizuri. Nimelelewa hivyo, na kwa sehemu kubwa ni jambo zuri. Kwa kupima presha halina madhara.

Sasa niwaambie habari za Bruda Lukelo. Ukisikia neno mmisionari unamfikiria Mzungu mwenye ndevu na pikipiki kuukuu. Huyu alikuwa mtawa, Mhehe wa kijiji kilicho jirani na Tosamaganga, miaka ishirini na minne, mwembamba, masikio makubwa. Shirika lake lilimtuma Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, akawafundishe kusoma na kuandika wachimbaji waliokosa shule na kusali nao. Kwa mtu wa Iringa, Makongolosi ni ugenini kweli. Joto lake, vumbi lake, lugha za watu waliotoka kila kona ya nchi, yote hayo alikuwa hajawahi kuyaonja. Alikuwa amekuja mara moja kutembelea wagonjwa wake wadini, nikamsikia akiwasalimia kwa "kamwene" ya kwao, na wachimbaji waliokuwa hawajui Kihehe hata neno wakimwitikia "kamwene" kwa furaha.

Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimekatika, aliletwa kwa bodaboda. Padre aliyekuwa mkuu wake alikuwa Mbeya kwenye mkutano na ndiye aliyekuwa na gari. Bruda alishuka amejikunja, mkono ubavuni, uso umepauka, lakini salamu hakuisahau. Nilimwuliza barabara ilikuwaje. Vijana huwa wanashangaa nikiwaambia hilo ni swali la kitabibu. Mwenye kidole tumbo hawezi kustahimili kutikiswa, kila shimo la barabara linamchoma kama kisu, na mtu akikwambia hakuyaona mashimo, tafuta ugonjwa mwingine. Yeye alisema angeweza kunihesabia yote. Maumivu yalianzia kitovuni siku mbili nyuma, yakahamia chini upande wa kulia. Alikuwa ameyaficha kwa sababu wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa kusoma.

Mfawidhi alimbonyeza tumbo polepole, kisha akaachia ghafla. Kuachia kulimwuma kuliko kubonyeza, na hiyo ndiyo dalili yenyewe. Akasema ni kidole tumbo, bado hakijapasuka ila hakina subira, aandaliwe. Nikamwekea dripu kwenye ukumbi wa nje ya chumba cha upasuaji, nikavuta dawa ya mgongo kwenye bomba, nikampa fomu ya ridhaa. Ile fomu ina mistari miwili: wa mgonjwa, na wa ndugu yake. Katibu wa hospitali alimpigia simu padre mara nne, haikupatikana. Tukakubaliana Bruda ni mtu mzima, asaini wa kwake, wa ndugu ubaki wazi.

Wakati huohuo mkunga akaja anasukuma kitanda cha magurudumu. Juu yake alikuwa Esta, binti wa mimba ya kwanza, mke wa mchimbaji, uchungu umemshika tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na hashuki. Mkunga alimwambia Mfawidhi pale mlangoni kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kushuka. Nyuma yao alikuwa mama mkwe, Bibi Tuponile, mama wa Kinyakyusa aliyefunga kitenge kifuani kwa ajili ya kazi. Esta hakulia wala hakuguna. Alikuwa ameuma pindo la khanga na kutazama dari.

Mfawidhi alimtazama Esta, akamtazama Bruda. Akasema, "Tummalize Bruda kwanza. Haitachukua muda." Kabla mkunga hajafungua kinywa, Bibi Tuponile mwenyewe akadakia, "Mtumishi wa Mungu atangulie, daktari. Sisi tutasubiri."

Nani angebishana hapo? Mwenye haki ameshaitoa kwa mdomo wake. Lakini mimi nilijua. Kidole tumbo ambacho hakijapasuka kinaweza kusubiri saa moja, kwa bahati. Mtoto ambaye moyo wake unapunguza mapigo hana saa moja. Hiyo si elimu ya juu, nesi wa mwaka wa kwanza anaijua, na Mfawidhi aliijua kuliko mimi, ila ile adabu yetu ilimfunika macho kwa dakika mbili tatu. Kazi yangu ilikuwa kumfunua. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza. Sababu naitoa leo bila kuipamba: sikutaka isemwe kwamba Hawa, Mwislamu, amemweka nyuma mtumishi wao ndani ya hospitali yao. Watu walionipikia uji wa kufuturu miaka yote hiyo, ndio niliowadhania hivyo. Naona aibu hadi leo.

Nikainama kumfunga Bruda plasta ya dripu vizuri. Kitanda chake na cha Esta vilikuwa vimetengana hatua mbili. Alikuwa ameiweka fomu juu ya goti, kalamu mkononi, jasho linamtiririka.

"Mama," akaniita, "yule dada ana nini?"

Nikamweleza kwa kifupi. Akaniuliza kama anaweza kusubiri. Nikasema daktari ameshapanga.

"Sijauliza daktari. Ungekuwa peke yako hapa, ungeanza na nani?"

Nilitazama sakafu, na naikumbuka hadi leo, saruji nyekundu iliyopasuka kwenye kona. Bruda akangoja. Kisha akaninyooshea kalamu, akanirudishia.

"Basi sisaini," akasema. "Mkitoka naye, nitasaini."

Nilikwenda kumwambia Mfawidhi, naye akatoka na glavu zake mkononi. Hakumdanganya. Alimweleza kwamba kile kidole kikipasuka usaha utasambaa tumboni, na kwamba watu hufa kwa hilo, vijana wenye nguvu kama yeye. Bruda alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nimewaona watu majasiri katika maisha yangu, askari, wachimbaji waliofukiwa na udongo, akina mama wasio na idadi. Wengi wao walikuwa wakali. Huyu hakuwa mkali hata kidogo, alikuwa kijana aliye mbali na mama yake anayetamani kutapika.

"Daktari, naogopa sana, sikufichi," akasema. "Lakini sisaini."

Mfawidhi akamtazama Esta, safari hii kweli, kwa macho ya daktari. Akasema, "Bi Hawa, badilisha." Tukawabadilisha.

Esta aliinama vizuri kwa ajili ya sindano, ingawa mwenye uchungu kuinama ni mateso. Ganzi ilipopanda, kisu kikaingia, na haikuchukua dakika nyingi mtoto akatoka, wa kike, rangi yake ya bluu na shingo imelegea. Mkunga akamnyonya ute, akamsugua mgongo, akampulizia hewa kwa mfuko. Nilikuwa nimemshika Esta bega, yeye ananiuliza mbona kimya, nami nikimwambia subiri kidogo. Nilikuwa nasema hivyo huku nahesabu kimoyomoyo. Kisha mtoto akakohoa, akalia. Mfawidhi hakuinua kichwa kutoka kwenye kushona. Alisema chini ya barakoa, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba tungeanza na yule mwingine huyu tusingemkuta.

Nilipotoka ukumbini, Bibi Tuponile alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya Bruda, anamfuta uso kwa ncha ya kitenge. Alikuwa ameshasikia kilio cha mjukuu. Bruda alikuwa ametulia, anatabasamu.

"Amepona, nesi," bibi akaniambia. "Nimemwombea kwa Kinyakyusa, na yeye kwa lugha yake. Maumivu yote yameondoka."

Hili nalo mlijue, nyinyi mnaoanza kazi: kidole tumbo kinachouma siku mbili kikiacha kuuma ghafla, usishukuru. Kimepasuka. Kile kilichokuwa kimevimba na kubana kimeachia, ndiyo maana mgonjwa anapata raha, na raha hiyo ni ya muda mfupi mno. Nikamshika mkono. Mapigo membamba ya mbio, ngozi ya baridi yenye unyevu. Nikamgusa tumbo, gumu kama ubao. Nilikuwa nimerudi kwa yule mzee wa siku yangu ya kwanza, mwenye blanketi kidevuni.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ametudai ukweli asubuhi nzima. "Bruda, kimepasuka."

"Kwa hiyo si muujiza," akasema.

Nikamwambia muujiza ameshazaliwa, anavalishwa soksi kule ndani, yeye alete mkono asaini. Akacheka, cheko likamkata katikati. Alisaini herufi zikipanda na kushuka. Nilipotaka kuichukua fomu, Bibi Tuponile akanizuia, akataka kujua ule mstari mtupu ni wa nini. Nikamwambia ni wa ndugu, na Bruda hana ndugu hapa.

"Niandike mimi," akasema.

Nikamwuliza niandike uhusiano gani, maana fomu inadai.

"Mama yake hayupo, nipo mimi. Andika mama."

Nikaandika. Akabonyeza dole gumba kwenye wino wa mhuri, akaliweka pale kwa uangalifu, kisha akalifuta kwenye kitenge chake kizuri. Bruda alimtazama na machozi yakamtoka, ya kwanza siku ile. Akamwambia "ndaga", asante ya Kinyakyusa, ambayo sijui aliokota wapi.

Presha yake ilikuwa imeshaanguka, kwa hiyo mgongo haukufaa tena, nikampa ketamini. Mfawidhi alipofungua, usaha ulijaa. Tuliliosha tumbo lile kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, chupa baada ya chupa. Mara mbili mapigo yalinitoroka chini ya kidole nikamwambia Mfawidhi asimame, na mara mbili alisimama, mikono juu, akisubiri niseme endelea. Kazi ya usingizi ndiyo hiyo. Mpasuaji mwenye akili anajua nani anashika uhai mezani, na Mfawidhi alikuwa na akili nyingi.

Alasiri hiyohiyo tulimpeleka Mbeya kwa gari la wagonjwa, kwa sababu alihitaji uangalizi tusiokuwa nao. Nilikaa kichwani kwake nimeshika chupa ya dripu, kidole kwenye mshipa wa sikio. Ketamini inamwotesha mtu ndoto za ajabu wakati inamwachia, wengine hupigana, wengine hutukana. Yeye njia nzima, kupanda milima ile mpaka tunaliona jiji chini yetu, alikuwa anasalimia. Kamwene, kamwene, kamwene. Nafikiri alikuwa anapita kijijini kwao, nyumba kwa nyumba. Nikawa namwitikia, ili asione kama hakuna aliye nyumbani.

Alilazwa zaidi ya mwezi. Mama yake mzazi alipofika kutoka Iringa, alimkuta mama wa Kinyakyusa asiyemjua, aliyekuja kutoka Chunya baada ya Esta kuruhusiwa, anafua shuka za mwanawe. Nimesimuliwa kwamba walitazamana, kisha yule wa Iringa akakunja mikono ya blauzi na kuchukua upande wa pili wa shuka kuikamua.

Mfawidhi, siku iliyofuata, alisimama kwenye kikao cha asubuhi mbele ya watumishi wote, hadi wafagiaji. Akasema, "Jana nilikosea orodha. Mgonjwa akanisahihisha." Akaning'iniza ubao nje ya chumba cha upasuaji, na kuanzia siku hiyo wagonjwa wakaandikwa hapo kwa hali zao, cheo hakikuwa na safu. Sijaona bosi mwingine aliyefanya jambo kama hilo. Nami katika kikao kile ningeweza kusimama na kusema nilijua nikanyamaza. Nilikaa kwenye kiti changu na kuitikia kwa kichwa pamoja na wengine.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mufindi, si mbali na Nyololo, ambako nilikuwa msimamizi wa chumba cha upasuaji. Kitu cha kwanza nilichoomba ni ubao. Nilichukiwa na watu wazito kadhaa kwa sababu yake. Mheshimiwa mmoja aliyekuja na henia isiyo na haraka aliniuliza kama namjua yeye ni nani, nikamwambia namjua vizuri, yeye ni wa tatu. Manesi vijana walipenda kunisikia nikisimulia habari za Bruda, nami niliisimulia kila mwaka wakija wapya. Lakini lile swali alilonitupia ukumbini, na sakafu niliyoitazama, nilikuwa naruka. Katika masimulizi yangu Bruda alijua mwenyewe.

Nilipofikisha miaka sitini waliniandalia kuniaga. Palikuwa na hotuba, khanga, na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Bruda Lukelo alikuja, sasa mwalimu mkubwa upande wa Tosamaganga, amenenepa kidogo, masikio yaleyale. Alileta picha ya msichana mwenye sare za shule, amesimama kati ya Esta na Bibi Tuponile aliyezeeka. Nilipoiona ile picha nikashindwa. Nikamvuta pembeni, nikamwambia yote: kwamba siku ile nilijua nani aanze, kwamba niliogopa maneno ya watu, na kwamba ningefungua mdomo mapema mambo yangekwenda haraka na pengine tumbo lake lisingepasuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Hawa, nilijua kwamba unajua," akasema. "Mimi sijasomea uuguzi, ningejuaje kama dada yule hawezi kusubiri? Ulikuwa unanifunga dripu, macho yako yako kwake. Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ungeniambia mimi ndiye wa kwanza, ningesaini palepale, kwa vile nilikuwa naogopa kufa. Hukuniambia."

Nimeyageuzageuza maneno hayo tangu siku ile. Alitaka kunitua mzigo, ni mtu wa hivyo, lakini nimemkubalia nusu tu. Kutodanganya ni kitu, ila Matroni hakunifundisha kutodanganya peke yake. Ile nusu nyingine ilikuwa yangu kuisema kwa sauti, na kijana mgonjwa akaibeba badala yangu.

Sasa naishi Iringa mjini, na kila mwezi nakwenda kliniki kwa ajili ya presha yangu mwenyewe. Watu wa foleni wananijua. Wananyanyuka, wanasema Bibi Nesi apite mbele, na magoti yangu, nisiwafiche, yanatamani kupita. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshafika katikati, nikatazama benchi lote kama nilivyozoea. Mwishoni kabisa alikuwa msichana ameegemea ukuta, kichwa kimeinama, haongei na mtu. Nilimwendea, nikamshika mkono. Kisha nikasimama pale katikati ya kliniki, mwanamke mzima wa umri wangu, nikamwita nesi kwa sauti iliyomfanya kila mtu ageuke, nikamwambia huyu kwanza.